Poda Kwenye Injini

Mpendwa Mama Zawadi,

Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Mgonjwa ni gari. Najua ungeuliza habari za gari kabla ya kuuliza zangu, kwa hiyo nimeanza na hilo. Pikapu yetu imekuwa ikivuja oili, mke wangu. Ilianza wewe ukiwa bado hai, tukakuzika, tukasoma hitima yako, na yenyewe inavuja tu. Kila nikiiegesha hapa nyumbani, kijijini kwetu Ulaya, asubuhi nakuta doa jeusi chini ya giaboksi. Nimekuwa mtu wa kutembea na dumu la oili nyuma ya kiti, naongeza, naendesha, naongeza tena.

Mwanao hataki kulisikia hilo gari. Juzi kapiga simu kutoka Morogoro.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Gari limepona?"

"Linaendelea vizuri."

"Baba! Tulikubaliana nini?"

Tulikubaliana, ni kweli. Nilimwambia fundi akishindwa mara hii, nitaliuza na kuhamia kwake. Sasa fundi kashindwa, na Zawadi keshapata mnunuzi. Anakuja leo, Jumamosi. Unajua ni mnunuzi wa nini? Wa vyuma chakavu! Gari lililokupeleka hospitali ya Kilosa ukiwa na uchungu wa huyo huyo Zawadi, leo likakatwe vipande vipande? Nilitaka kumfokea mtoto wa watu. Nikajizuia, maana najua anachoogopa ni mimi kuzimikiwa na gari peke yangu porini, hakuna hata wa kunishikia tochi. Ana haki ya kuogopa.

Nyumba yake ni nzuri, ina vigae mpaka jikoni. Lakini nitafanya nini Morogoro, Mama Zawadi? Kule wewe hujawahi kukaa nami. Huku kila nikishika usukani nakukuta. Nikipita Kilangali nakuona unavyobishana na wenye mpunga, unautia mkononi, unaung'ata, unasema huu haujakauka, msinifanye mjinga. Nikifika Mikumi nasikia sauti yako pale yanapoegeshwa malori: "Njoo mume wa watu, mchele wa kunukia huu, mkeo atakupenda upya!" Madereva wa Iringa wanacheka, wananunua, na mimi nimekaa kwenye gari nimenuna. Wewe ukirudi unanitazama usoni tu. "Haya, umevimba tena?" Nilikuwa navimba kweli. Leo ningekupa Mikumi yote uite waume za watu mpaka jioni, mradi urudi uniulize swali lile.

Turudi kwenye oili. Fundi niliyempata Mikumi ni kijana mzuri, mpole, ana adabu. Umri wake wote kazoea malori. Anatandika kadibodi, anaingia chini kwa mgongo, anatazama juu. Kwake yeye gari lote ni tumbo. Akaona tone linaning'inia pale injini inapokutana na giaboksi, akasema, "Mzee, hii ni sili ya nyuma, haina ubishi." Akashusha giaboksi, akaweka sili mpya, ile pete ya mpira inayozuia oili. Likavuja. Akashusha tena, akasema ile sili ilikuwa feki. Likavuja vile vile! Na mimi nilikuwa pale pale nimeinama, naangalia chini pamoja naye, naitikia ndiyo fundi, ndiyo fundi.

Alhamisi nikakaa kibarazani nimeshika tama, nawaza Jumamosi. Ndipo ikanijia ile siku ya gulio, hapa hapa Ulaya, Zawadi akiwa bado ananyonya. Gari lilikuwa linavuja vile vile na mimi nimelala chini, nguo zote oili, natukana. Wewe ukanivuta mguu. "Toka huko. Tone ni pale oili inaposhukia. Abiria akishukia Mikumi, utasema kapandia Mikumi?" Ukaomba mafuta ya taa na brashi, ukanioshea injini yote mpaka ikang'aa. Ikakauka. Kisha ukatoa kwenye mkoba poda ya mtoto, ukainyunyiza injini nzima! Gulio zima likahamia kwetu. Mmoja akapaza sauti, "Mama Zawadi anampamba mwali!" Na wewe, mwanamke usiye na aibu, ukamjibu, "Ndiyo, na mwali huyu akitokwa jasho nitajua limeanzia wapi." Mimi nilitamani ardhi inimeze. Tukaliwasha, tukasubiri, na kweli, mstari mmoja wa oili ukajichora kwenye weupe, unatoka kwenye filta. Nikaikaza, likakauka. Nilikuuliza umejifunza wapi. Ukasema, "Kwani mtoto akitoka jasho mimi huwa naona kwa kitu gani?"

Basi nikaenda dukani kununua poda. Muuza duka ananijua, akanitania, "Mzee, kulikoni, unaoa?" Nikamwambia naosha injini, akacheka mpaka akakohoa. Nikarudi nyumbani, nikaosha injini kama ulivyoosha wewe, nikaikausha kwa kitambaa. Nikafungua kopo.

Mama Zawadi, harufu ile. Sikuwa nimejiandaa. Ni shingo yako ukitoka kuoga, ni kanga yako, ni Zawadi mdogo kalala katikati yetu. Nikakaa chini nikaegemea tairi na nikalia, mtu mzima mimi, mchana kweupe, kopo mkononi. Nimekukumbuka mpaka kifua kinauma, sikufichi. Watu wananiambia nitazoea. Sijazoea, na sioni dalili.

Nilipomaliza kulia nikanyunyiza. Niliwasha gari likanguruma bila kuonyesha kitu, nikaliendesha polepole mpaka Kilangali na kurudi, boneti imepigwa vumbi kwa nje na poda kwa ndani. Nikafungua. Kulikuwa kweupe kote, isipokuwa mstari mmoja wa kahawia kule nyuma kabisa, juu, kwenye kona iliyobanana na ukuta wa kabini, mahali mkono hauingii bila kuchubuka. Nikaufuata kwa kidole. Unaanzia kwenye kile kifuniko cha juu ya injini. Mpira wake ulikuwa umekauka, umepasuka kwenye kona. Oili inatokea pale, inateremka kwa nyuma, inakwenda kuning'inia chini, inamsingizia sili. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jana Ijumaa nikaenda Mikumi, nikapata mpira mpya, nikaufunga mwenyewe pale pale kwa fundi, yeye akinikabidhi spana. Hakuona haya, alifurahi. "Mzee, umejuaje?"

"Kanifundisha mke wangu."

"Duh! Huyo mama ni noma. Nifikishie shikamoo yake."

Hajui kama umetutoka, na sikumwambia. Nilisema nitaifikisha, ndiyo hiyo nimeifikisha. Muitikie.

Baada ya hapo nikarudi na mzigo kamili wa abiria na bidhaa, kwenye matuta, kwenye vumbi, vilima vyote, sikumhurumia mtu wala gari. Asubuhi hii nimeamka, na kabla sijaswali nikachungulia chini. Pakavu. Nikapapasa kwa kiganja. Pakavu kabisa, mke wangu! Na kabla sijajizuia nikaita kwa sauti, "Mama Zawadi, njoo uone!" Jirani akachungulia dirishani, akanitazama, akarudisha pazia. Nimebaki nimepiga magoti pale uani na furaha yangu yote, sijui niipeleke wapi.

Yule wa vyuma chakavu akifika atapewa chai arudi alikotoka. Nitabaki Ulaya, nitapeleka mchele Mikumi, nitanuna peke yangu pale kwenye malori. Zawadi sijampigia bado. Atafurahi, au atanigombeza, au vyote viwili, kama wewe. Simu iko hapa pembeni, lakini nimeshindwa kuibonyeza. Miaka yote habari ya gari nilianza kukupa wewe, ndipo wengine wakafuata, na leo pia nimeona nikuambie wewe kwanza.

Mungu akupe nafasi njema huko, mke wangu.

Mumeo akutamaniye,
Baba Zawadi