Kochi la Nyumba Isiyo Yetu

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipojinyoosha kwenye kochi lako mwenyewe baada ya chakula cha mchana, ukasema unapumzisha mgongo kidogo, ukapitiliza. Moyo ulisimama usingizini. Mama alikufunika shuka akidhani umelala tu.

Ulikuwa fundi makochi. Shemeji yako, kaka yake Mama, ambaye sisi tunamwita Mjomba, alichonga fremu, nawe ukatandika sponji na kuvuta kitambaa. Uliwaambia wateja kwamba yeye anaunda mifupa, wewe unaivisha nyama. "Na uzuri uko kwenye nyama," ulimalizia. Mjomba naye hakulaza damu: "Nyama bila mifupa ni furushi, shemeji."

Hukuruhusu kochi litoke karakanani kabla hujalikalia ukiwa umefumba macho. Ulisema macho hudanganywa na kitambaa kizuri, makalio hayadanganyiki. Wateja walicheka, lakini walirudi.

Sukari uliishi nayo miaka mingi kama mpangaji asiye na makuu. Vidonge ulimeza ulipokumbuka. Kisha siku moja ukawa unaokota uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe. Ukauokota, ukaupuliza, ukaupangusa kwa kiganja, nao upo tu.

"Baba watoto, unatafuta nini?" Mama aliuliza.

"Si huu uzi."

"Uzi upi? Hapo hapana kitu."

Uzi ulikuwa ndani ya jicho. Daktari alieleza kwamba sukari imeharibu mishipa midogo nyuma ya jicho na damu imevuja. Jicho la kushoto halikurudi. La kulia liliwahiwa kwa tiba ya mionzi ya leza, likakaa nawe mpaka mwisho.

Hukukaa ukijihurumia. Ulimgeukia Mjomba, ambaye naye ana sukari, ukamwambia ataenda kupimwa macho hata kwa kubebwa.

"Mimi? Mimi namwona mchwa akipiga miayo!"

"Hata mimi nilikuwa namwona, shemeji. Twende."

Mkaenda. Baba, tunacheka mpaka leo. Muuguzi aliwauliza nani atawarudisha nyumbani, maana matone yale ya kupanua mboni humwacha mtu na ukungu kwa saa kadhaa. Wewe ukamwonyesha Mjomba kwa kidole, Mjomba akakuonyesha wewe. Mkatoka mmeshikana mikono, jua likiwachoma macho, kila mmoja akimwongoza mwenzake. Mkakunja kona, mkafika kwenye geti la bluu, mkaingia, mkakaa.

"Mama watoto, tuletee maji!" ukaita.

"Karibuni," ikajibu sauti ya kike kutoka jikoni.

Ukapapasa mkono wa kochi. Ukaingiza vidole chini ya mto. Kisha ukanong'ona, nong'ono lako lile la kusikika mtaa mzima: "Shemeji, hapa si kwangu."

"Umejuaje, na macho hayo? Si geti la bluu kama lako?"

"Sponji imelala. Pembe zimeshonwa na mtu anayekimbilia msibani. Mimi siwezi kuishi nyumba yenye kochi hili."

"Kochi langu lina kosa gani?" Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na maji yake.

Mjomba ndiye aliyewaokoa. "Kochi halina kosa, mama. Mgeni wake ndiye ana domo."

Mama yule alicheka hadi akaketi. Akawapa maji, akawapa chai isiyo na sukari, akauliza mboni zenu zina nini, mbona ni kubwa kama za bundi. Ukamweleza. Akasema naye ana sukari, ila macho hayajawahi kumuuma.

"Hayaumi," ulimwambia. "Yangekuwa yanauma, ningekuwa nayo yote mawili."

Mwaka uliofuata mlikwenda watatu. Kochi lake ulilibeba mwenyewe na Mjomba, ukalivua lote, ukalishona upya. Tangu hapo tukamwita Mama Geti, naye akawa mtu wa nyumbani.

Sasa tukwambie ya mwaka huu, maana tunajua ungeuliza.

Tarehe ya Mjomba ilipofika, hakwenda. Alisema ana fremu ya kumaliza. Akapewa tarehe nyingine, akasema mvua. Tuliogopa, Baba. Safari iliyopita daktari alikuwa ameona kitu kidogo kwenye jicho lake la kulia, akasema lisikose kutazamwa. Mama alimbembeleza kaka yake mpaka mwenyewe akalia. Kitinda mimba wako akasema, "Mjomba, mimi nitakupeleka, nitakushika mkono njia nzima."

"Wewe unaona mno," Mjomba akamjibu kwa upole. "Safari ile si ya watu wanaoona. Mwenzangu wa safari ameshalala. Niacheni."

Tukampelekea Mama Geti habari. Naye hakukawia. Alikuja karakanani akiwa amevaa viatu vya kutokea na mkoba begani, akasimama juu ya maranda ya mbao.

"Vipofu wawili waliingia nyumbani kwangu wakanitukania kochi," alisema. "Kwa sababu yao naenda kupimwa. Mmoja ametangulia. Wewe ukiacha, mimi niende kwa ajili ya nani?"

Mjomba alitazama msumeno wake. Akaupanguza, akautundika.

"Nipe dakika nivae shati," alisema.

Muuguzi aliuliza nani atawarudisha nyumbani. Mama Geti akamwonyesha Mjomba kwa kidole. Mjomba akamwonyesha Mama Geti. Daktari alikuta mshipa umeanza kuvuja, akasema wamekuja wakati mzuri. Juma lililofuata Mjomba alitibiwa kwa mionzi, na jicho lipo, Baba. Anaona. Mchwa hamwoni, lakini anaona mstari wa penseli kwenye mbao, na huo ndio aliokuwa akihofia kimyakimya kuupoteza.

Siku ile ya matone walirudi kwa miguu, wameshikana, wakibishana kama mko watatu. Kitinda mimba wako aliwafuata kwa mbali, bila wao kujua. Walipofika geti la bluu Mjomba akasimama, akalipapasa, akaingia bila kuambiwa. Akakaa upande wako. Akapitisha kiganja kwenye pembe ya kochi, taratibu, akifuata mshono wako mpaka mwisho.

"Hapa ndipo," alisema. "Leo hatukukosea nyumba."

Mama Geti akaenda kuchemsha chai.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakuwekea mto wako. Na sisi watoto wako, ambao sasa sote tumepima sukari. Na wajukuu wanaoruka juu ya makochi uliyowakataza. Na Mama Geti. Na shemeji yako, anayesema mifupa imebaki bila nyama, ila anaendelea kuchonga.

Daima tutakukumbuka, Baba, kila tunapoketi.