Ndege ya Kunyonyesha Ndege

Guangzhou, Mei 2009

Mdogo wangu Anastazia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua za huku hazikatiki, ila vitambaa vyako nimevipata soko la Zhongda, vizuri kweli.

Nasikia padri ataanza kutangaza ndoa ya binti yetu Kissa na huyo Rodrick, “injinia wa ndege”. Hata hapa jengo la Tianxiu, tunakofanyia biashara sote, alitusimulia: eti anageuza ndege kubwa za abiria ziwe za jeshi. Wanang’oa viti, wanafunga matangi na bomba, kisha zinazinyonyesha mafuta ndege za vita hukohuko angani. Bimkubwa, jirani yangu wa duka, akamuuliza, “Na vitoto vikicheua, unavifuta wewe?”

Hata ingekuwa kweli, ni sifa hiyo? Ndege iliyopeleka watu kuhiji, leo ilishe zinazokwenda kuua! Lakini injinia gani anashinda hapa akiuza soksi?

Jana polisi walipanda kukagua pasi. Viza ya Rodrick imekwisha, akajificha nyuma ya marobota yangu. Walipomtoa akabweka kwamba ana siri za jeshi. Mkalimani wao alicheka mpaka machozi.

Ndipo mama mmoja, mtoto mgongoni, akamng’ang’ania shati: “Msimchukue! Ni mume wangu, tulifunga ndoa kanisani Songea!”

Rodrick hakukana. Alinigeukia mimi tu: “Mama mkubwa, Kissa asijue.”

Bimkubwa anaruka kesho kuja huko, nampa barua hii. Padri akiuliza nani anajua kizuizi cha ndoa hiyo, usione aibu ya watu, mdogo wangu. Simama useme.

Dada yako akuombeaye,
Dainess