Mwalimu wa mbio amekaa chini

Mama Arlette,

Maharagi iko kwa moto, Arlette anaichunga. Ukitoka soko, ongeza maji. Mimi nimeenda ~~kusalimia jirani Paluku~~ kwa dispensaire, kupimisha tension ya damu.

Usicheke. Unajua kila asubuhi ninakimbia na watoto mupaka parokia, kusudi siku masasi ya bunduki italia, miguu yao ikuwe tayari. Sheria yangu ni moja: hakuna kungoja mutu. Leo, katikati ya njia, kifua kikanibana, kichwa kikazunguka, nikakaa chini.

Arlette akauliza: "Papa, tukuache?"

Nikamujibu ndiyo, sheria ni sheria. Wakaniacha bila hata kugeuka! Kweli nimewafundisha muzuri.

Halafu Jemima, mudogo wao, akarudi peke yake. "Papa, weye umekufa?" Nikamugombeza: miaka sita tu na anavunja sheria! Akanishika mukono, tukarudi pole pole. Sikumuachilia mupaka mulangoni.

Kama masasi inalia mbele ya mimi kurudi, mukimbie, ~~musiningoje~~ munipitie kwa dispensaire.

Na dawa ya tension yenye ulininunulia, iko yote chini ya matela ya kitanda. Ukitaka kukasirika, anzia pale.

Papa yao, mwanasport