Jina ya pili mu asiransi ya 404

Régine, uko? Natoka mu bureau ya asiransi, bima ya magari, pale Old Town.

Raphaël alinipeleka tuchague asiransi ya ile Peugeot 404 ya baba yake. Si unajua anashindana nayo mu mbio za magari kila samedi, mwisho wa wiki.

Bibi wa pale akatueleza ziko mbili. Ya kwanza ni ya barabara tu, mbio ikianza inakufa. Ya pili inaingia mpaka mu mbio, lakini lazima baandike majina ya bantu babili benye kukaa ndani. Akikaa mwengine, habalipi kitu.

Bwana yangu akachagua ya pili. Dereva, yeye Raphaël. Bibi akauliza, na wa pembeni, mwenye kumusomea njia?

Akasema Thacienne.

Thacienne, Régine. Hata mate hakumeza. Mi kila siku ananiambia pale anakaa Cadeau, mdogo wake. Kumbe ni ule mshonaji wa mtaa ya Mchesi, ule alinipima kiuno juzi akinichekea. Raphaël ati "anajua kusoma carte," ile karatasi ya njia.

Mu ile kiti. Ile nilikalia mi tukikimbia Uvira mu 98, na mimba ya Junior, nikitapika mpaka Mbeya. Siku ile carte alikuwa nayo nani? Mi njo nilikuwa naulizia bantu njia.

Nikamwambia ule bibi, futa, andika jina yangu. Raphaël akatia signature.

Sasa samedi njo mi naingia. Nitatapika, najua. Lakini nitatapika mu kiti yangu.