Kombe Lililofunikwa Makurunge

Tunduma

Kaka Shabani, shikamoo.

Mikorosho yangu kumi na miwili ya Makurunge imekatwa, yote, mwezi uliopita baada ya Maulidi. Naanza na hilo ili usije ukasema sikukuuliza. Hujambo lakini? Na Mama, miguu inamwendeaje? Miye mzima, ila baridi ya huku haijanizoea, na malori yakikwama mpakani madereva hunipikisha tangu alfajiri. Nilianza na karai moja la maandazi. Leo nina mgahawa na wasichana watatu. Sijamwomba mtu.

Ulinipigia ukasema moto wa wanaochoma vichaka kuwinda ndezi umepita shambani. Nikalia, nikaamini. Juzi akaja kula dereva mmoja, kijana wa Msata, nikamuuliza habari za nyumbani.

"Dada, shambani kwenu kumekuwa kweupe! Hata pa kujibanza kivulini hakuna."

"Si ule moto?"

"Moto gani huo unaotumia msumeno? Visiki vyeupe, vimekatwa sawasawa. Na mkaa wake nimeuona kwa macho yangu, umepangwa kando ya barabara."

Nilipokupigia hukukana. Ulicheka. "Zuhura nawe! Funika kombe mwanaharamu apite."

Kaka, maneno hayo tuliyasikia jiko moja. Bibi alitueleza yalikotoka, wewe ukiwa unagombania ukoko. Kwetu watu hula barazani, na anayepita lazima umwambie karibu. Usipomwambia, aibu ni yako. Sasa alikuwepo bwana mmoja, pua yake inaijua nazi ya kila nyumba. "Wali ukiiva tu, naye huyo, na kanzu kaipiga pasi," Bibi alisema. Basi wakimsikia anakohoa njiani, wanafunika kombe, ile sahani kubwa ya wali, wanajitia kupiga soga. Akishapita wanafunua, mikono inarudi. Ndiyo maana mtu akitaka jambo lipite bila fedheha, huambiwa afunike kombe.

Lakini nami hesabu najua. Kombe hufunikwa na wanaokula, na mimi sijaonja hata punje. Basi wewe ndiye uliyekaa mkekani, na mpita njia ni mimi, niliyeipanda miche ile na kuitekea maji kichwani. Kwetu mti ni wa aliyeupanda, ardhi iwe ya nani. Mama mwenyewe, shamba lake, haokoti korosho zangu bila kuniarifu. Sasa nani mwingine yuko mkekani? Mkaa umeshauzwa, sitaufuata. Linaloninyima usingizi ni huyo mwingine wa mkekani.

Nisalimie wifi, mwambie kitenge chake nitampa dereva. Msalimie shangazi wa Vigwaza aliyeninyonyesha, na mjomba muuza samaki. Mama nitaongea naye mwenyewe, usinitangulie.

Wala usinijibu kwa methali. Kabla ya adhana ya Ijumaa hii, niambie neno moja tu: Mama alijua, au hakujua?

Mdogo wako,
Zuhura