Boksi la Maharage na Jicho la Mama

Jumatatu, 3 Machi

Boksi limefanya kazi. Naandika hilo kwanza, mengine baadaye.

Maharage yalilowekwa tangu jana. Leo asubuhi nimeyachemsha dakika ishirini tu, nikafunika sufuria, nikaitumbukiza kwenye boksi la mbao nililolitengeneza mwenyewe na kulijaza matambara na blanketi kuukuu. Nikafunga, nikaenda zangu. Saa saba mchana nafungua — yameiva, laini, mvuke bado unapanda. Mke wangu aliporudi kutoka kiwandani alionja, akaonja tena. Akasema, "Baba Kasuku, hili boksi lilikuwa wapi miaka yote hii?"

Kasuku ni binti yetu, wa pekee, miaka kumi na mmoja. Jina hilo kajitafutia mwenyewe kwa mdomo wake.

Mvua zimeanza. Hakuna mtu anayepaka rangi ukuta uliolowa, kwa hiyo mimi fundi rangi siku nyingi niko nyumbani, nikisubiri vibarua vya ndani ya maofisi. Mke wangu anashona sare, na ameomba saa mbili za ziada kila siku. Yote haya kwa ajili ya jicho la mama yake. Mtoto wa jicho. La kushoto limeshafunga kabisa, la kulia linaanza kufuata. Hospitali ya macho wametupangia Jumanne, tarehe 15 Aprili, wapasue la kushoto kwanza. Malipo yote yawe yamefika siku tatu kabla.

Wiki sita. Sikopi. Nimemwambia mke wangu, na naandika hapa nijifunge: sikopi.

Alhamisi, 6 Machi

Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha. Kila mtu ndani ya nyumba alishazoea ule mlio. Jana niliweka ndoo chini yake wakati wa kulala, asubuhi nikaikuta nusu. Nusu ndoo! Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni mshahara wa mke wangu. Nimebadilisha kile kipira cha ndani, bei yake peremende mbili. Kimya.

Mrija wa dawa ya meno nimeukata kwa mkasi. Umetupeleka siku nne zaidi. Vipande vya sabuni nimevikanda vikawa mche mmoja wa rangi tatu. Kasuku anasema ni mzuri kuliko wa dukani.

Nimepata kibarua cha siku moja, korido ya ofisi ya wanasheria. Mafundi wenzangu wananiita Kijiko, kwa sababu nakwangua kopo la rangi kwa kijiko cha chai mpaka bati ling'ae. Wacheke. Rangi waliyotaka kuitupa leo imetosha mlango mzima wa choo. Mwenye ofisi akauliza huu mlango kaupaka nani. Wakaninyooshea kidole, na safari hii hawakucheka.

Jumapili, 9 Machi

Mama kafika. Nimekwenda kumpokea stendi na mwavuli. Nilikuwa mbele yake kabisa, hatua mbili, akawa ananitazama kama anavyotazama ukuta. Mpaka niliposema, "Shikamoo, Mama." Hapo ndipo uso ukafunguka. "Marahaba, mkwe wangu. Umekonda au ni jicho langu?"

Hajui kwa nini tumemwita. Tumemwambia aje amwangalie Kasuku, maana mama yake anachelewa kazini. Mwaka jana mke wangu aliwahi kumtajia habari ya hospitali, akakata kauli palepale: "Msije mkala ukoko kwa ajili ya jicho la bibi. Nilichotaka kuona nimeshakiona." Kesho yake akapanda basi akarudi kwake.

Kwa hiyo safari hii mpango ni wangu. Tunalipa kwanza, tunasema baadaye. Namjua mama mkwe wangu. Ni mtu aliyevaa kiatu kinachombana miaka miwili kwa kuwa kilishanunuliwa. Kitu kikishalipiwa, Mama hakitupi.

Jumatano, 12 Machi

Nimeshindwa nyumbani kwangu mwenyewe. Na viazi.

Nilikuwa namenya, najiona hodari, maganda membamba. Mama akasema nipishe. Akachukua kisu kile kile, akafumba macho yote mawili — anasema likifunguka moja linamsumbua — akamenya kwa vidole. Ganda lilitoka refu, jembamba, ukiliinua dirishani mwanga unapita. Nikalinganisha na langu. Langu lingeweza kuwa mlo wa mtu mwingine.

Halafu maganda hayo hayo akayaosha, akayachemsha, na maji yake yakawa supu. Nimechukua funzo.

Ila jioni alitaka kushona kifungo cha sare ya Kasuku. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Akajaribu tena. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikamwona anaupitisha uzi hewani, kando kabisa ya sindano, anavuta kama umeingia. Nikaondoka kwa vidole. Baadaye nikasikia anamwita Kasuku, "Njoo nikuone kama mikono yako imetulia."

Wiki hii nimepunguza nauli yangu pia. Naenda na kurudi kwa miguu.

Jumamosi, 22 Machi

Nusu ya pesa na zaidi tayari! Tumeihesabu na mke wangu mara mbili, tukidhani tumekosea. Hatukukosea. Nimetabasamu asubuhi nzima.

Lakini leo pia nimemsikia Mama kwenye simu na dada yake. Anaongea kwa sauti, kama watu wasioona vizuri wanaodhani nao hawaonekani. Anamwambia eti binti yake kaolewa na kufuli. Eti mke anarudi miguu imevimba, na mwanamume anapima sukari kwa kijiko. Eti yeye mwenyewe kabana matumizi maisha yake yote, lakini alibana kwa sababu hakuwa nacho. Huyu ana mikono miwili mizima na anambana mkewe.

Mimi, mkono wa birika.

Nilitaka kuingia niseme. Nilisimama na brashi mkononi, rangi inadondoka. Nikarudi nje. Nimepaka uzio wa jirani, uliokauka kwa jua la siku mbili, upande wote mmoja bila kuona ninachopaka, kisha nikaona kimetoka vizuri. Jirani kanilipa nusu pesa, nusu mchele.

Mke wangu anasema tumwambie tu. Nimekataa. Acha nionekane kufuli. Zimebaki wiki tatu.

Ijumaa, 28 Machi

Siku mbaya. Shule ya Kasuku wanakwenda kutembelea kiwanda cha karatasi, tarehe 11, kila mtoto na mchango wake. Nimesema hapana. Hakulia mbele yangu. Alikunja barua ya shule mara nne, akaniuliza kama karatasi yake inafaa kuwashia moto.

Hilo limenichoma kuliko kilio. Mtoto kajifunza vizuri mno.

Jumapili, 6 Aprili

Limevuja.

Tulikuwa mezani wote wanne. Mama akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa noti mbili zilizokunjwa, akazisukuma mbele ya Kasuku. "Hii ya safari yako ya shule." Nikasema kwa heshima zote, "Mama, asante, lakini weka. Itakufaa." Maana namjua, hizo ndizo nauli zake za kurudi.

Akaweka kijiko chini. "Hata hela yangu nayo utaibana?"

Mke wangu akasema, "Mama, tafadhali." Mama akasema hanyamazi, amenyamaza mwezi mzima. Kwamba amekaa katika nyumba za maskini, na nyumba ya maskini ina kicheko. Hii ina vipimo. Kwamba kama babake mtoto hamwonei huruma mkewe, basi angalau amwonee mtoto.

Mimi niliinamia sahani. Nilikuwa nimejiapiza. Ni Kasuku aliyesimama, machozi yanamtoka, akasema, "Bibi, usimseme Baba. Ni jicho lako. Anabana kwa ajili ya jicho lako, utapelekwa hospitali tarehe kumi na tano, nimekatazwa kusema."

Hata ule mlio wa bomba haukuwepo wa kutusaidia.

Mama aliuliza swali moja tu: mmeshalipa? Mke wangu hawezi kusema uongo. Akasema bado, kesho kutwa.

"Vizuri," akasema Mama. "Basi hamjapoteza kitu." Akaenda kupanga nguo zake. Basi lake ni kesho saa sita mchana.

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika haraka, kwa furaha na njaa.

Nimeamka kabla ya jua. Pesa ilipungua kidogo, ya wiki ya mwisho ambayo hatukuwa tumeiweka bado. Nikaibeba ngazi yangu ya alumini, ile ya kukunja, mpaka kwa fundi mwenzangu aliyeitamani miaka. Akasema, "Kijiko, wewe? Unauza?" Nikamwambia ile ya mbao inanitosha, na miguu yangu inaikumbuka. Akanilipa bila kuvutana sana. Nadhani uso wangu ulisema mengi. Kutoka hapo kwa miguu hadi hospitali, nikawa wa pili dirishani. Nimelipa yote. Sijakopa hata senti.

Nimefika nyumbani saa nne na nusu. Mama kakaa kwenye kiti karibu na mlango, mtandio umefungwa, begi miguuni. Kasuku yuko pembeni yake, hakwenda shule, amevimba macho. Nikampa Mama risiti mkononi. Akaigeuza, akaisogeza karibu na pua, akampa Kasuku. "Soma."

Kasuku akasoma yote, jina, tarehe, jicho la kushoto, mpaka maandishi madogo ya chini: malipo yakishapokelewa hayarudishwi.

"Umelipa lini?"

"Asubuhi hii, Mama."

"Hawarudishi hata nusu?"

"Hata robo."

"Na asipoenda mtu?"

"Wanachukua hivyo hivyo."

Aliichukua tena risiti, akaikunja mara mbili. Halafu akasema, taratibu, "Mkwe wangu, wewe ni mjinga mwenye hesabu. Hao ndio wabaya." Akainama, akaanza kufungua begi. Alitoa nguo moja moja na kuzikunja upya kwenye kiti, na alipofika ya mwisho akasema bila kuniangalia, "Hiyo kufuli niliyosema kwenye simu. Ulisikia."

Nikasema sikusikia kitu.

"Ulisikia. Mlango ule hauzibi." Kisha: "Nisamehe, baba."

Mke wangu aliporudi akakuta begi tupu limetundikwa msumarini. Akaniuliza kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa chini sakafuni, palepale, na mkoba wake begani. Hajawahi kuniangalia hivyo tangu tuoane. Ngazi aliuliza baadaye. Nilimwambia. Akanishika mkono, akausoma ukucha kwa ukucha, zile rangi zisizotoka.

Jumanne, 8 Aprili

Nimelipwa kwa sarafu yangu mwenyewe.

Nimerudi kibaruani, Mama yuko mezani ametulia kama hakimu. Akanisogezea karatasi. Risiti ya shule. Asubuhi alimwambia Kasuku amshike mkono, wakaenda naye mpaka kwa mwalimu mkuu, akalipa safari ya kiwanda cha karatasi.

"Hii nayo hairudishwi," akasema. "Nimeuliza."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka kuliko sote.

Ijumaa, 11 Aprili

Kasuku karudi na karatasi moja aliyoitengeneza mwenyewe, nzito, ya kijivu, ina nyuzi. Ameongea tangu saa kumi mpaka alipolala na neno mdomoni. Kumbe wanaitengeneza kwa karatasi kuukuu! Ananiambia kama vile sijui, "Baba, hawatupi chochote." Mtoto wangu huyu.

Jumanne, 15 Aprili

Hospitali ya macho, kwenye benchi la korido. Nimechukua daftari, maana mikono haitulii.

Mke wangu amenyimwa ruhusa, atafika saa nane. Tumekuja wawili. Njia nzima Mama alinishika kiwiko, na kila tukifika penye tope ananikaza kidogo. Ndani tumesubiri pamoja na watu kama kumi na watano. Yeye ndiye aliyewauliza wote wamelipa kiasi gani. Daktari alipopita na kumweleza, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama mtu akileta macho mawili anapunguziwa. Daktari alicheka. Akasema tuone kwanza hili, bibi. Mama hakuwa anatania.

Saa nne na robo muuguzi akaja na fomu. Akauliza nani amemleta mgonjwa. Nikafungua mdomo niseme mkwe, Mama akanitangulia.

"Nimekuja na mwanangu."

Muuguzi akaandika: mtoto. Nilikuwa naiona fomu vizuri kabisa. Sikumsahihisha.

Alipoinuka vidole vyake vilikuwa baridi. Nikamwambia haichukui muda, Mama. Akasema anajua, amelipiwa upasuaji wa muda mfupi. Kisha akaingia, akipapasa fremu ya mlango kwanza, kama afanyavyo kila mlango.

Walisema nusu saa. Sasa ni saa tano na dakika ishirini.

Mzee aliyekaa kando yangu, naye anasubiri mkewe, kaniuliza tumewezaje, maana yeye kauza mbuzi wote. Nikamweleza kidogo. Halafu nikajikuta namweleza yote, wiki sita nzima, kwa sauti, mpaka watu wa benchi la mbele wakageuka. Sikuona haya. Ningeweza kusimama juu ya benchi.

Hapa mwisho wa korido kuna kidirisha wanauza chai. Bei yake ni wizi. Kikombe kimoja ni majani ya nyumbani ya wiki nzima. Nimekwenda, nimesoma ile bei mara mbili, nimenunua vikombe viwili.

Changu nimemaliza. Cha Mama nimekifunika kwa kadi yake ya miadi, nimekiweka karibu na paja langu kisipoe haraka. Mlango umefunguka sasa hivi. Wamemwita yule mzee. Umefungwa tena.

Nimegusa kikombe. Bado kina joto.