Hyasinta Anatafuta Meli Kutoka Angani

Mwisenge, Musoma,
17 Novemba 2024.

Petronila, Hyasinta amepata kazi! Anatafuta meli baharini kwa setilaiti, na ofisi iko Dar es Salaam. Haya, sasa ngoja nikusalimie.

Mpendwa mdogo wangu, hujambo huko Songea? Shemeji je, mguu umepona? Sisi huku wazima, mvua imeanza, na mihogo yetu ya Suguti inakwenda vizuri.

Hiyo kazi nikueleze kabisa, maana najua majirani zako watakuuliza. Setilaiti inapita huko juu inapiga picha kwa rada. Kuwe na mawingu, kuwe na giza, yenyewe inapiga tu. Maji yanatoka meusi, chuma cha meli kinatoka cheupe kama chembe ya chumvi. Hyasinta, akiwa bado chuoni, ndiye aliyeifundisha kompyuta izitafute hizo chembe yenyewe, bila mtu kukaa anakodoa macho. Meli ikizima chombo chake cha kujitambulisha ili ivue kwa wizi, inaonekana vilevile. Mwanangu huyo! Yule aliyekuwaga anaogopa hata panzi.

Basi nikawaeleza watu wa mwaloni, kule mitumbwi inakofikia na mimi ninakonunuaga dagaa. Nikasema mwanangu anaona kila chombo kilicho majini. Kumbe nimewatisha! Wanaovua kwa kokoro, ule wavu uliokatazwa, wakaona nawaletea mpelelezi. Wakaacha kuniuzia. Hata Mwikwabe, baba wa ubatizo wa Hyasinta, akasema kumuaga huyo mtoto hatakuja. Hapo nililia, Petronila. Mtoto aondokeje bila mkono wa baba yake wa ubatizo kichwani?

Hyasinta alipokuja likizo ya chuo akaenda mwaloni mwenyewe na kompyuta yake. Akawafungulia picha ya ziwa letu ya siku ambayo wote walikuwa majini. Meli ya mizigo ilionekana wazi. Mitumbwi yao ya mbao? Hamna kitu. Akawaambia mbao ndogo inapotelea kwenye mawimbi, na picha haionyeshi sura ya mtu wala wavu wake.

Mwikwabe akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Hyasinta! Mtoto wako hata baba yake wa ubatizo hamuoni?"

"Baba, nunua mtumbwi wa chuma, nitakuona," Hyasinta akamjibu.

Wote wakacheka. Mimi nilinuna, maana nilikuwa nimeshamsifu mpaka Bunda. Lakini Mwikwabe alinijazia beseni la dagaa, akasema atakuja, na sangara wa sherehe ataleta yeye.

Nikamuuliza Hyasinta, kwa nini msitengeneze rada ya kuona na mbao? Akasema wenzake wanaijaribu. Hilo mwaloni sijalisema.

Nisalimie shemeji, Fredi na Justina. Kaka Baltazar wa Butiama anakusalimu sana. Mungu awafungulie njia mfike salama, msikose hata mmoja. Ni mimi dada yako ninayekupenda na kukuwaza, Debora. Hyasinta tunamuaga hapa nyumbani, na tunawangoja wote Jumamosi, tarehe 28 Desemba.